Betri imekufa ndani ya waranti, kila nikipeleka wanaichaji na kunirudishia. Nifanyeje kabla siku hazijaisha?

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Nina miezi minne nazunguka na jambo hili na bado sijapata suluhisho.

Mwaka jana mwezi Agosti nilinunua betri mpya ya gari langu, Toyota IST, pale Gerezani. Saizi ya NS60, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, Sh 175,000. Nikapewa risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na kadi ya waranti ya miezi 12 yenye muhuri. Jina la duka sitalitaja, na wanaolijua naomba wasilitaje. Tuzungumzie jambo lenyewe.

Mwezi wa saba tangu ninunue, saa kumi na moja alfajiri natoka kwenda kumchukua abiria wa uwanja wa ndege. Nageuza ufunguo, nasikia tk-tk-tk, taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Jirani akaja na waya, tukaboosti, nikaondoka. Abiria alishapanda gari lingine.

Siku hiyohiyo nikapeleka dukani. Kijana wa kaunta akaniambia, "Kaka, betri haijafa, imelala. Iache tuichaji, njoo kesho." Kesho yake akaitoa kwenye chaja, akaweka multimita (kipimo cha umeme) palepale mbele yangu: volti 12.9. "Unaona mwenyewe, nzima." Nikashukuru nikaondoka.

Baada ya wiki tatu ikarudia. Nikapeleka, wakachaji, 12.9 tena. Mara ya tatu wakasema alteneta yangu, ile inayochaji betri gari likiwaka, ndiyo inaua betri. Nikalipa Sh 20,000 kwa fundi kupima, alteneta haina shida. Niliporudi na majibu nikaambiwa bosi amesafiri. Kadi yangu inaisha tarehe 19 mwezi ujao, na nimeanza kuelewa kwamba kila ninapoiacha ichajiwe, siku za waranti ndizo zinazoliwa.

Mliowahi kupita hapa, mlipata haki yenu vipi? Na je, kadi ikiisha kabla hawajanibadilishia, nimepoteza?

Mdau, Mwanza

Pole mkuu. Mimi ni ya bajaji, ilikufa mwezi wa tano. Nilikuwa na uhakika wa kubadilishiwa, lakini risiti niliibandika kwenye kioo cha mbele, jua limeichoma yote, nyeupe kabisa. Na kadi walinipa haina tarehe, muhuri tu. Wakasema hawawezi kujua nilinunua lini. Nilikata tamaa.

Fundi umeme wa magari, Tandika

Mleta uzi, pole sana. Kazi hii naifanya kwa zaidi ya miaka 15, na nitakueleza kilichotokea pale kaunta, hata kama yule kijana hakukusudia kukuonea.

Betri ikitoka kwenye chaja, volti zake huwa zimepanda kwa muda. Hata iliyochoka sana inaweza kusoma 12.9 au 13 ukiipima dakika tano baada ya kuchomolewa. Ile ni chaji ya juujuu, kama povu la soda: unaliona limejaa glasi, ukisubiri linashuka. Ili betri iseme ukweli, ichomoe, iache usiku kucha bila kufungwa popote, pima asubuhi. Nzima iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imeisha.

Ikijazwa vizuri, ikapumzika, halafu ikasoma karibu na 10.5, hapo wala usibishane na mtu. Betri ina seli sita, kila seli inatoa volti 2.1. Toa moja, unabaki na 10.5. Maana yake seli moja imekufa, aghalabu plati (yale mabamba ya ndani) zimegusana, na chaja ya aina yoyote haitibu hilo.

Kwa betri za kufunguliwa kazi ni rahisi zaidi, maana unatumbukiza haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) kwenye kila tundu. Seli nzima iliyojaa inaonyesha kama 1.265 hadi 1.280. Sasa hapa ndipo ugomvi mwingi wa waranti unapoamuliwa, sikiliza vizuri. Seli tano zikisoma 1.26 na moja ikasoma 1.10, ubovu uko ndani ya betri. Zote sita zikiwa chini kwa pamoja, angalia gari kwanza: ama halichaji, ama kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Maji yakiwa yamekauka kwenye seli zote na plati ziko wazi, betri imepikwa, alteneta inazidisha. Hali hizo tatu kila moja ina mwenye lawama wake, lakini dukani zote zinaitwa "betri imelala".

Yako imefungwa, kwa hiyo haidromita haiingii. Lile jicho la kijani juu ya betri nalo lisikudanganye. Linaangalia seli moja tu kati ya sita. Inaweza kuwa kijani na jirani yake amekufa.

Kuhusu alteneta: gari likiunguruma pima kwenye vichwa vya betri, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na AC, pima tena. Ikivuka 15 kweli inaua betri. Mwambie fundi wako akuandikie namba hizo na tarehe kwenye karatasi. Neno "iko sawa" halikusaidii, namba ndiyo inayokusaidia.

Cha mwisho, kipimo cha mzigo. Betri inabanwa kwa nusu ya zile ampea za CCA (nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi) zilizoandikwa kwenye lebo, kwa sekunde 15, na volti zisishuke chini ya 9.6. Duka lolote la maana linacho kifaa hicho. Kama hawataki kukitumia, waulize kwa nini.

Mwenye duka la betri, Arusha

Nimesoma yote, na nasema kama mtu ninayekaa upande wa pili wa kaunta. Fundi amesema kweli, ila kuna mambo wateja hamyaoni.

Kwanza, kukuchajia mara ya kwanza si ujanja. Betri iliyo tupu haipimiki. Lazima ijazwe, na kujaza vizuri kunachukua muda wa saa kumi na mbili au zaidi, ndipo ukipima utajua ni mbovu au ilikuwa imekauka chaji tu. Kosa ni mara ya pili na ya tatu. Mimi kwangu ikirudi mara ya pili na tatizo lilelile, naipeleka kwa wakala aliyeniuzia.

Pili, hasara ni yangu. Wakala hanipi nyingine hadi nimpelekee ile iliyokufa pamoja na kadi iliyojazwa namba ya betri na tarehe. Akiikataa, inabaki dukani kwangu. Na anakataa kwa sababu za kweli: ubavu umevimba, kichwa kimegongwa nyundo, mtu ameongeza asidi badala ya maji yaliyotoneshwa (distilled). Nyingi nazopokea zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Gari linaruka kwenye makorongo, betri inarukaruka nayo, plati zinakatika. Hiyo siwezi kukubadilishia, nisamehe.

Tatu, soma kadi yako nyuma. Nyingi zinatoa nusu ya muda kwa gari la biashara, teksi na bajaji. Mleta uzi, wewe umesema unabeba abiria. Walikuandikia nini?

Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, nashukuru kwa uungwana. Nimeisoma kadi sasa hivi mbele na nyuma kwa tochi ya simu. Imeandikwa miezi 12, namba ya gari ipo, hakuna neno lolote la biashara. Na nilimwambia muuzaji kwamba gari ni la kazi ya abiria, ndiye aliyenichagulia hiyo NS60. Betri imekazwa na chuma chake cha asili, boliti zote mbili zipo.

Kuna jambo moja naona niliseme, nisije nikaonekana naficha: gari lina kifaa cha kufuatilia, aliyenikopesha ndiye aliyekiweka. Kinaweza kuwa ndicho kinachonyonya?

Fundi umeme wa magari, Tandika

Umefanya vizuri kulisema. Zima gari, toa ufunguo, funga milango, subiri kama nusu saa mifumo ilale. Toa waya wa hasi, weka multimita kati ya waya na kichwa cha betri ukiwa kwenye ampea. Usiwashe gari ikiwa hivyo, utaunguza mita. Ikisoma chini ya miliampea 50, gari halina kosa. Zaidi ya hapo chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke, utampata mwizi. Vifaa vya kufuatilia vilivyofungwa vizuri havifiki huko, ila vile vilivyoungwa kwa kukata waya na kuzungusha selotepu nimeshavikuta vinakula mara nne ya hapo.

Mdau wa sheria, Dodoma

Naongezea upande wangu. Ndugu zangu, tusidhani haki ya mnunuzi inaanzia na kuishia kwenye ile kadi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti ndani ya mauzo hata kama halikuandikwa: bidhaa iwe na ubora wa kuuzika, na ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia na ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Mleta uzi alisema gari ni la abiria na muuzaji ndiye aliyechagua. Hilo ni jambo zito, aliandike. Kadi ni ahadi ya ziada juu ya haki hizo.

Halafu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na humo kuna sehemu za kumlinda mlaji, zikiwemo za kupotoshwa na za masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba hata yasipotajwa. Malalamiko unawapelekea kwa maandishi na nakala za vielelezo. Mahakama ya Mwanzo nayo ipo kwa madai ya fedha yanayotokana na mkataba, na bei ya betri haiwezi kuvuka kiwango chake.

Swali lako la kadi kuisha: kinachohesabika ni siku uliyolalamika. Kama ubovu ulijitokeza na ukaurudisha mwezi wa saba, hawawezi kukaa nayo hadi mwezi wa 13 waseme imekwisha. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka sita kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Tatizo lako ni ushahidi. Mara zote tatu uliacha betri dukani, ulipewa karatasi yoyote ya kupokelewa?

Mleta uzi

Hakuna hata moja. Walichukua mkononi tu. Ila nilikuwa nampigia yule kijana, na kwenye WhatsApp kuna "njoo uchukue betri yako tayari" mara mbili, na tarehe zake.

Mdau wa sheria, Dodoma

Usizifute. Piga picha ya skrini leo, tarehe zionekane. Andika barua nakala mbili: tarehe ya kununua, namba ya betri, tarehe za kurudisha, vipimo, unachotaka, na siku 14 za kujibu. Nakala moja wagonge muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, nenda na shahidi.

Na ndugu wa Mwanza, karatasi ya EFD ni ya joto, hufutika yenyewe hata ukiiweka kabatini, jua linaharakisha tu. Risiti ina namba ya uhakiki. Ukiwa nayo, pamoja na saa iliyotolewa, unaiona kwenye tovuti ya uhakiki ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Angalia simu yako, huenda uliipiga picha.

Mdau, Mombasa

Huku kwetu Kenya kuna njia ambayo imesaidia wengi, Mahakama ya Madai Madogo. Inachukua madai hadi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa bidhaa hata kama hakutamka. Mjomba wangu alifikisha tu barua ya kusema anakwenda huko, akaitwa dukani siku ya pili yake.

Lakini joto la pwani, ndugu zangu, nalo tulitie kwenye hesabu. Betri ya asidi inayodumu miaka minne mahali pa baridi, hapa Mombasa au Dar miaka miwili ni bahati. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, umri unapungua kama nusu. Ndiyo maana sikubali waranti iliyoandikwa kwa hali ya nchi nyingine.

Mdau, Arizona

Nipo Phoenix miaka mingi, na hilo la joto limegusa jambo lililotokea hapa. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf, gari la umeme, hapa walianza kuona vile vijisanduku vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vikipotea mapema. Viko 12. Gari lina mwaka mmoja na kitu, mtu ameshapoteza vitatu vinne. Waranti ya betri ilikuwa miaka 8 au maili 100,000, lakini ilihusu kasoro, haikuhusu kupungua kwa uwezo. Yaani betri ikifa unalipwa, ikinyauka hulipwi. Wenye magari wakajipima wenyewe, wakakusanya namba zao, wakafungua kesi. Kampuni ikaongeza waranti ya uwezo: ikishuka chini ya vijisanduku 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, wanairekebisha au wanaibadilisha, na ikahesabiwa hata kwa waliokwisha kununua.

Naandika hili kwa sababu Leaf zilizotumika zinafika Afrika Mashariki kupitia Japani. Waranti hizo hazisafiri na gari. Ukinunua, hesabu vijisanduku kabla ya kutoa pesa.

Mdau, Moshi

Nina Toyota Aqua, gari la hybrid (petroli na umeme). Betri yake kubwa ilikufa, nikafungiwa "iliyofufuliwa" kwa waranti ya miezi mitatu. Mwezi wa pili taa ikawaka, wakabadilisha kipande kimoja. Mwezi wa tatu kingine. Sasa wananiambia muda umekwisha.

Fundi umeme wa magari, Tandika

Mzee wangu, betri ya Aqua ina vipande 20 vya volti 7.2 vilivyoungwa mfululizo, jumla 144. Ukiweka kimoja chenye nguvu katikati ya vilivyochoka, vilivyochoka vinaendelea kufa kwa zamu. Aliyekufanyia hakupima na kuvilinganisha vyote 20. Kabla ya kulipa, dai karatasi yenye kipimo cha kila kipande, na waranti iandikwe ya betri nzima. Na usikubali kijana yeyote aguse zile nyaya za rangi ya chungwa kwa bisibisi na kandambili. Volti 144 zinaua.

Mleta uzi: MREJESHO

Wakuu, nimerudi. Nitaeleza hatua kwa hatua, maana kuna mtu atauhitaji uzi huu.

Jumamosi nilipima kinachonyonywa usiku: miliampea 28, kifaa cha kufuatilia kikiwemo. Alteneta 14.2, taa na AC zikiwaka 13.9, fundi kaandika na kusaini. Betri nikaichajisha kwa fundi siku nzima, nikaiacha chini ya meza usiku. Asubuhi 10.6. Nikapiga video, multimita na saa ya simu kwenye picha moja.

Jumatatu nikaenda na barua nakala mbili na shemeji yangu kama shahidi. Bosi alikuwepo. Akaisoma barua taratibu, akanipa kiti. Akasema yeye haamini vipimo vya nje, ataichaji mwenyewe. Nikamwambia sawa mzee, chaji, lakini ikitoka kwenye chaja ilale hapa juu ya kaunta hadi kesho yake, na tuweke alama. Ilipotoka kwenye chaja tukabandika selotepu ya karatasi kwenye vichwa vyote viwili, akasaini yeye, nikasaini mimi. Nakala yangu ya barua akaigonga muhuri.

Keshokutwa saa tatu asubuhi tukakuta selotepu haijaguswa. Akabandua mwenyewe, akaweka mita. 10.58. Akaitoa mita, akairudisha tena. 10.57. Akamtazama yule kijana wake, hakusema neno, akachukua simu akampigia wakala.

Nimebadilishiwa. Tukavutana kidogo kwenye tarehe: yeye alitaka betri mpya imalizie zile wiki chache zilizobaki kwenye kadi, mimi nikasema miezi minne niliyozungushwa siikubali ipotee. Tumekubaliana miezi sita kuanzia siku hiyo, imeandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Mkuu wa Arusha, nadhani utaona ni haki.

Betri ya kwanza aliyonitolea ilisoma 12.31 hata kabla haijafungwa kwenye gari. Imekaa stoo muda mrefu. Nikaikataa. Ya pili 12.68. Namba hiyo na namba ya betri zimeandikwa nyuma ya kadi, na picha ya kadi na risiti nimejitumia kwenye barua pepe nikiwa bado nimesimama pale.

Mwenye duka la betri, Arusha

Miezi sita ni haki. Na hilo la selotepu nitalianza kwangu.

Mdau, Mwanza

Mkuu umenipa nguvu. Nimepekua simu, picha ya risiti ipo, niliwahi kumtumia mke wangu siku ile. Nimeihakiki TRA, imetoka na tarehe. Kesho asubuhi naenda dukani.

Mleta uzi

Usiende kesho. Ichaji kwanza ijae, toa waya wa hasi, iache ilale usiku mzima. Ukishaamka utuandikie hapa imesoma ngapi.